Kibodi Kongwe Isiyo na Kompyuta Yake

Kibodi ya miaka ya 1980 inapouzwa huwa imebandikwa moja ya kauli mbili: "haijajaribiwa" au "mbovu". Mara nyingi asili ya kauli zote mbili ni moja. Muuzaji hakuwa na mashine ya kuichomeka. Kompyuta yenyewe ilishakwenda kwenye chuma chakavu, kibodi ikasahaulika kabatini, na siku ya kusafisha stoo mtu akaiunganisha na adapta ya bei rahisi, akabonyeza, herufi haikutokea, akaamua imekufa. Inauma kuona kibodi ya IBM au Apple, kitu kilichotengenezwa kidumu miongo, ikivunjwa ili vitufe vyake viuzwe kimoja kimoja, ilhali ndani haikuwa na kasoro yoyote. Ilisemeshwa tu lugha isiyo yake.

Nawaandikia wanaotaka kujua ukweli kabla ya kutupa, kununua au kuuza. Kompyuta ya asili si lazima. Mita ya umeme, chanzo cha umeme kinachojizuia, bodi ndogo ya elektroniki ya bei nafuu na subira vinatosha kwa aina nyingi. Utaratibu ndio wenye thamani kuliko vifaa vyote, maana kibodi hizi zinavumilia uzee, vumbi na hata chai iliyomwagika, lakini haziwezi kuvumilia volti iliyopelekwa kwenye pini isiyostahili. Ndiyo maana hatua za mwanzo hazihusu umeme kabisa.

Anza kwa kufungua mgongo wa kibodi. Skrubu za IBM Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985, zina vichwa vya pembe sita vya milimita 5.5 na zimezama ndani ya mashimo, hivyo bisibisi haifiki. Tafuta spana ya boksi yenye shingo ndefu na nyembamba. Kwa nyingine nyingi bisibisi ya nyota inatosha. Ukishafungua, jiulize swali moja: humu ndani kuna chipu? Ukiona chipu kubwa yenye miguu mingi, kibodi hiyo inajitambulia yenyewe kitufe kilichobonyezwa, kisha inatuma taarifa kwa kompyuta. Usipoona chipu yoyote, ukaona vitufe na njia za shaba tu, basi kazi yote ya kutambua ilifanywa na kompyuta, nawe unaweza kumaliza upimaji kwa mita peke yake bila kuipa kibodi hata volti moja.

Nianze na hizi zisizo na chipu, kwa kuwa ndizo rahisi na ndizo zinazohukumiwa vibaya zaidi. Chukua Commodore 64 ya mwaka 1982. Kibodi yake ina vitufe 66 na kebo inayoishia kwenye soketi ya nafasi 20. Ndani yake kuna gridi ya mistari minane kwa minane, na kila kitufe kinapobonyezwa kinagusanisha mstari mmoja wa kundi la kwanza na mmoja wa kundi la pili. Pini ya 5 hadi ya 12 ni kundi moja, ya 13 hadi ya 20 ni kundi la pili. RESTORE inajitegemea kati ya pini ya 1 na ya 3, na SHIFT LOCK imeunganishwa sambamba na SHIFT ya kushoto. Pini ya 2 haipo. Nafasi yake imezibwa ili soketi isichomekwe kinyume, nayo inakusaidia kujua unaanzia kuhesabu upande gani.

Chora jedwali la visanduku nane kwa nane kwenye karatasi. Weka ncha moja ya mita kwenye pini ya 12 na nyingine kwenye ya 13, kisha bonyeza INST/DEL: hicho ndicho kitufe kinachounganisha pini hizo mbili. Andika namba uliyoiona. Hamisha ncha ya pili pini kwa pini, kitufe kimoja baada ya kingine, hadi jedwali lijae. Kazi hii inachukua muda, lakini ukimaliza unaijua kibodi hiyo kuliko mtu aliyeichomeka kwenye kompyuta akaandika mistari miwili. Usibonyeze vitufe vingi kwa pamoja. Gridi hii haina dayodi, na vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja vikishikwa pamoja, mita itasoma cha nne kana kwamba nacho kimebonyezwa.

Kuna mtego hapa unaowapotosha hata mafundi wazoefu. Wengi huweka mita kwenye sauti, wakisubiri ilie. Kitufe cha Commodore 64 hakigusanishi chuma kwa chuma. Kinashusha kipande cha mpira wenye kaboni juu ya njia za bodi, na kaboni ina ukinzani wake. Kitufe kizima kabisa kinaweza kusoma makumi au mamia ya omu, ilhali mita nyingi hulia pale tu ukinzani unaposhuka chini ya omu hamsini au hata thelathini. Fundi anasikia kimya na kuandika "mbovu". Weka mita kwenye omu na uisome namba. Mamia kadhaa hayana tatizo. Maelfu yanaonyesha uchafu: futa mpira na njia za bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, upime tena. Ukitaka kufika huko kwenye bodi, kumbuka kuwa waya za SHIFT LOCK zimelehemiwa; ziachishe kwanza kwa pasi ya kulehemu, usivute.

ZX Spectrum ya Sinclair, nayo ya mwaka 1982, hupimwa kwa njia hiyohiyo, ila ina vitufe 40 kwenye gridi ya mistari minane kwa mitano, na badala ya bodi ina karatasi za plastiki zenye njia za umeme zilizochapwa. Mikia miwili ya plastiki inayoingia kwenye kompyuta hukauka ikawa kama jani la mgomba lililoachwa juani: ukiikunja tu, inapasuka. Ipime ikiwa imelala, usiinyooshe kwa nguvu. Ikiwa imepasuka usihangaike, kwani utando mpya bado unatengenezwa na kuuzwa, na ni jambo la kawaida kuubadilisha.

Sasa twende kwa kibodi zenye chipu. Plagi ndiyo inayowapoteza watu, kwa kuwa umbo lake halikuhakikishii kilicho ndani ya waya. Plagi ya duara yenye pini tano nene ilitumika kwenye kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981, ikatumika pia kwenye IBM AT ya mwaka 1984, na kibodi hizo mbili hazielewani. Kwa bahati njema mpangilio wa waya ni mmoja: pini ya 1 ni ya mapigo, ya 2 ni ya data, ya 4 ni hasi, na ya 5 ni volti 5. Ya 3 ilitumika kwa kuwasha upya kibodi kwenye zile za mwanzo, nyingine haina kazi. Kumbuka tu kuwa namba hazifuatani. Kwenye upinde zimepangwa 1, 4, 2, 5, 3, na mwelekeo unageuka kutegemea unaitazama plagi kwa mbele au kwa nyuma. Mchoro mmoja uliochorwa upande usio wako unatosha kuunguza chipu.

Kwa hiyo usiamini mchoro mpaka mita ikubaliane nao, na kukubaliana huko ni kazi ya dakika chache. Soma namba iliyoandikwa juu ya chipu kubwa. Kibodi ya IBM PC ya kwanza ilitumia Intel 8048, na ndugu zake 8049 na 8051 zimo kwenye kibodi nyingi za miaka hiyo. Zote zina miguu 40. Geuza chipu ili pengo lililochongwa kichwani liwe mbali nawe. Mguu wa 1 uko kushoto kwa pengo, hesabu inashuka upande wa kushoto hadi wa 20, kisha inapanda upande wa kulia hadi wa 40. Mguu wa 20 ni hasi, wa 40 ni volti 5. Weka mita kwenye sauti, gusa mguu wa 20, kisha pitisha ncha nyingine kwenye pini za plagi moja moja. Itakayolia ndiyo hasi yako. Fanya hivyo kwa mguu wa 40. Sasa unazijua waya mbili za hatari kwa ushahidi wa kibodi yenyewe.

Chipu ikiwa ya aina nyingine, tafuta chipu ndogo za mantiki zenye namba zinazoanza na 74. Kwenye nyingi zenye miguu 14, wa 7 ni hasi na wa 14 ni volti 5. Zipo chache zilizopangwa tofauti, kwa hiyo pima mbili au tatu uone kama zinaafikiana. Na ukikuta kipande chenye miguu mitatu kilichoandikwa 7805, simama. Hicho hupunguza volti kuwa 5, maana yake kibodi hupokea umeme mkubwa zaidi kutoka nje, mara nyingi volti 12. Ukiipa volti 5 kwenye plagi, chipu itabaki na njaa, nawe utadhani imekufa.

Baadhi ya mitego nitaitaja kwa jina kwa sababu imeharibu vitu vizuri. Kibodi ya Macintosh ya kwanza, ile ya mwaka 1984 yenye namba M0110, inatumia plagi ndogo ya mraba kama ya mkono wa simu ya mezani. Waya wa mkono wa simu unaingia barabara, na usiutumie kamwe. Waya wa simu hupinduliwa upande mmoja, wakati wa Apple umenyooka, kwa hiyo volti 5 itaingia kwenye hasi na hasi kwenye volti 5. LK201 ya kampuni ya Digital, iliyokuja na kituo cha kompyuta cha VT220, ina plagi ya umbo hilohilo lakini hula volti 12. Kibodi ya VT100 ya mwaka 1978 inaishia kwenye plagi kubwa kama ya vipokea sauti vya masikioni, nayo ni ya volti 12 vilevile. Kisha kuna kibodi za IBM za vitufe 122 zilizotengenezewa vituo vya kompyuta kubwa: baadhi zina plagi ya pini tano ambayo ukiiangalia haraka utasema ni ile ya PC, ila pini zake zimetawanywa kwenye upinde mpana zaidi. Isipoingia kwa urahisi usiilazimishe.

Kabla ya kuwasha, pima ukinzani kati ya hasi na volti 5. Ukipata omu chache tu, kuna shoti, na umeme usubiri hadi uipate. Pindapinda kebo mahali inapoingia kwenye kibodi huku mita ikiwa imeshikwa kwenye waya mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo waya nyingi hukatikia ndani, ngozi ya nje ikiwa bado nzima. Naamini kebo iliyokatika imezipeleka kibodi nyingi jalalani kuliko chipu zilizoungua, na dawa yake ni waya mpya wa bei ndogo.

Kuhusu umeme wenyewe, chaja ya simu si chaguo zuri. Inatoa volti 5 kweli, lakini iko tayari kumwaga ampia moja au mbili ndani ya shoti bila kusita. Mwenye chanzo cha maabara akifunge kwenye nusu ampia. Asiye nacho atumie fyuzi ndogo inayojirudisha ya miliampia 500, zinazopatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue. Unganisha hasi na volti 5 tu, ukiacha mapigo na data, na utazame mkondo unaoliwa. Kibodi nyingi za zama hizo hula kati ya miliampia 100 na 300. Sifuri inasema umeme haufiki. Mkondo unaogonga ukomo mara moja unasema uzime, sasa hivi. Shika chipu kwa kidole baada ya dakika moja: uvuguvugu si kitu, joto la kuchoma ni ugonjwa.

Wakati wa kuwasha angalia taa. Kibodi za aina ya AT, ikiwamo Model M yenye taa, humulika taa zake tatu kwa kufumba na kufumbua kisha huzizima. Ni ishara nzuri: chipu imeamka na kujikagua. Lakini nawasihi msiuze wala kununua kwa kigezo hicho. Taa haisemi chochote juu ya vitufe, wala juu ya waya wa data. Vivyo hivyo kukosekana kwa taa si dalili ya kifo, kwani kibodi ya PC ya mwaka 1981 haina taa hata moja. Kibodi ya Amiga ndiyo iliyosaidia mafundi zaidi. Chipu yake ikishindwa kujikagua, taa ya Caps Lock inapepesa kwa hesabu: mara moja ni kumbukumbu ya kudumu yenye kasoro, mara mbili ni kumbukumbu ya muda, mara tatu ni saa ya ulinzi iliyo ndani ya chipu.

Ikishaamka, lazima isemeshwe. Hapa nirudi kwenye ile adapta ya bei rahisi, ile fupi ya zambarau au kijani inayotoka kwenye maboksi ya mausi. Ndani yake hamna kitu ila waya nne. Inafanya kazi tu kwa kibodi zinazojua USB tangu kiwandani, na USB ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Kibodi ya mwaka 1985 haitajibu hata ikiwa mpya. Adapta zenye chipu ndani ni bora, ila nyingi zinajua itifaki ya PS/2 peke yake, na nyingine hazitoi mkondo wa kutosha kwa Model M za mwanzo. Ukiwa na kompyuta ya mezani yenye tundu la PS/2, kibodi ya AT itafanya kazi kupitia adapta ya waya tupu kutoka plagi ya pini tano, kwa kuwa itifaki ni ileile. Zima kompyuta kwanza ndipo uchomeke. Ile ya mwaka 1981 haitafanya kazi humo. Na baadhi ya kibodi za kampuni nyingine za mwisho wa miaka ya 1980 zina swichi ndogo tumboni yenye herufi X na A. Isukume kwenye A kabla hujasema lolote.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4, kama Pro Micro ya volti 5, iliyowekwa programu ya Soarer's Converter. Waya nne tu: hasi, volti 5, mapigo na data, kila moja kwenye mguu ulioelekezwa na programu. Yenyewe inatambua kama kibodi ni ya PC ya kwanza, ya AT au ya vituo vya kompyuta kubwa, kisha inajitambulisha kwa kompyuta ya leo kama kibodi ya USB. Fungua pembeni programu ndogo ya hid_listen, utaona kila msimbo unaotoka kabla haujageuzwa kuwa herufi. Hapo ndipo ukweli ulipo. Msimbo wa kwanza baada ya kuwasha unapaswa kuwa AA, yaani kibodi imejikagua ikajiona nzima. FC ni kinyume chake. Ukibonyeza A kwenye kibodi ya mwaka 1981 unapata 1E, na ukiiachia unapata 9E. Kwenye AT unapata 1C, na ukiachia F0 ikifuatiwa na 1C. Ukiona AA kisha msimbo mwingine bila kugusa chochote, kuna kitufe kimekwama chini, na msimbo huo ndio jina lake.

Ikiwa hakuna kinachotoka, pima volti kati ya mapigo na hasi, kisha data na hasi, kibodi ikiwa imetulia. Zote mbili zinapaswa kukaribia volti 5. Waya iliyolala kwenye sifuri ama imeshikwa na shoti ama haina kizuizi cha kuivuta juu. Weka kizuizi cha kilo-omu 4.7 kati yake na volti 5 uone kama inainuka. Bado kimya? Kichambuzi cha mawimbi cha bei ndogo chenye njia nane, pamoja na programu huria ya PulseView, kitakuonyesha kama kuna mapigo yoyote unapobonyeza. Na tahadhari kwa wenye ESP32 au Raspberry Pi mezani: bodi hizo ni za volti 3.3, na volti 5 ya kibodi kongwe itaziua. Weka kishusha volti katikati.

Kibodi za Apple zinahitaji uelewa mwingine. Zile za ADB, zilizoanza na Apple IIGS mwaka 1986, zina plagi ya pini nne inayofanana na ya S-Video, na waya wa S-Video kweli unafaa. Lakini kibodi ya ADB haisemi hadi iulizwe. Unaweza kuipa umeme safi, ukabonyeza vitufe vyote, usione mawimbi yoyote, na ikawa nzima kabisa. M0110 ina tabia hiyohiyo. Kwa hizi tumia kigeuzi kinachojua kuuliza. Programu huria za TMK na QMK zinazo, na vigeuzi vilivyo tayari vinauzwa. Kibodi za Sun, kama Type 5, ni nyepesi zaidi: zinatuma data ya seriali kwa kasi ya 1200, mawimbi yakiwa yamepinduliwa. Ukiiwasha inatuma FF na 04. Ukiitumia 02 inapiga kelele, ukiitumia 03 inanyamaza, na hapo umeshajua kuwa inasikia na kusema. LK201 ni seriali ya 4800, nayo ikiwashwa hutuma baiti nne, ya tatu ikiwa ni ya kuripoti kasoro. Pima kwanza volti ya waya wake wa data kabla ya kuugusisha na bodi yoyote ya kisasa.

Sasa vitufe. Usiridhike na kila herufi kutokea mara moja. Bonyeza kila kitufe taratibu mara nyingi, katikati na kwenye pembe zake, kwa nguvu na kwa wepesi. Kitufe kinachotoa herufi mbili kwa mbonyezo mmoja kina uchafu ndani, jambo la kawaida kwenye swichi za Alps zilizokaa vumbini. Iache kibodi ikiwaka nusu saa, urudie, kwa sababu kasoro nyingine hujitokeza ikipata moto.

Vitufe vilivyokataa viandike, kisha utazame vinaungana wapi. Kimoja peke yake ni tatizo la kitufe hicho. Kadhaa vilivyotawanyika bila mpango machoni mwako huenda viko kwenye mstari mmoja wa gridi, na kosa ni moja tu: njia iliyopasuka, au utepe uliolegea mahali unapoingia kwenye bodi. Kwenye Model M utepe huo huchomekwa tu, haulehemiwi. Uchomoe kwa uangalifu, ufute, uurudishe, na mara nyingi safu nzima ya vitufe hufufuka. Vitufe vya eneo moja vikikataa, hasa vya katikati, fikiria misumari ya plastiki. Model M imeshikanishwa na vichwa vidogo vya plastiki nyuma ya bati la chuma, na miaka ikipita vinakatika. Itikise uisikilize. Vipande vinavyocheza ndani ndivyo hivyo, na kibodi hiyo inatibika kwa boliti ndogo. Kitufe kisicholia kabisa kwenye Model M au Model F, nayo ya IBM, kina springi iliyohama mahali pake. Toa kofia yake, inyooshe springi isimame katikati, simamisha kibodi wima na urudishe kofia.

Zimebaki zile ambazo mita haiwezi kuzihukumu. Model F haigusanishi chochote. Hupima badiliko la kapasitansi, kwa hiyo bila umeme haina la kukuambia. Kibodi za Key Tronic, zilizofungwa kwenye Apple Lisa ya mwaka 1983 na Compaq Portable, nazo ni hivyohivyo, na zina ugonjwa wao: chini ya kila kitufe kuna kipande cha sponji chenye karatasi ya plastiki iliyopakwa chuma. Sponji ikizeeka inakuwa unga. Kibodi nzima inanyamaza siku moja na kila mtu anaamini chipu imekufa. Ipime hivi: iwashe ikiwa wazi, chukua kipande cha karatasi ya alumini ukibandike utepe mwembamba wa plastiki upande mmoja, kisha kikandamize kwa kidole juu ya njia mbili za kitufe, plastiki ikiangalia chini. Msimbo ukitoka, bodi ni nzima na unachohitaji ni sponji mpya, ambazo zinauzwa zikiwa tayari zimekatwa. Kazi ya kuzibadilisha ni ya jioni moja au mbili.

Unaponunua mahali pasipo na umeme, yote haya yanapungua kuwa macho, masikio na mikono. Tazama namba ya modeli nyuma, tazama plagi, bonyeza kila kitufe usikie kama sauti zinalingana, itikise, nusa kama kuna harufu ya kuungua, kagua kutu kwenye vichwa vya skrubu kwani kutu hapo inasema maji yaliingia. Kebo iliyokatwa isikutishe bei ikiwa imeshuka. Kofia za vitufe zilizopotea zinatisha zaidi, maana kuipata moja inayofanana rangi na maandishi kunaweza kuchukua miaka.

Na unapouza, mtendee haki anayekuja baada yako. Neno "nzima" halimsaidii. Andika pini ipi ni hasi na ipi ni volti 5, kiasi cha mkondo ulichokipima, kigeuzi ulichotumia, vitufe vilivyosumbua na ulichokifanya juu yake. Weka karatasi hiyo kwenye mfuko mdogo wa plastiki, uufunge na kebo. Usiibandike kwa gundi juu ya lebo ya nyuma, kwa sababu kwenye Model M lebo hiyo ndiyo yenye namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa, na mnunuzi anayejua anachokitafuta ataigeuza kibodi aisome kabla hajaangalia kitu kingine.